Mkono wa Gauni la Eda

Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, mwaka wa 1984, siku ya Jumatano, kabla ya saa nne ya asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye cherehani yake barazani kwetu, Malindi, akishona kanzu ya mteja. Nilitoka na kikombe cha chai nikamkuta ameinama, uso karibu na sindano. Nilidhani uzi umekatika na yuatafuta tundu. Nikaweka chai pembeni yake, nikarudi jikoni. Nilikwisha kumenya vitunguu viwili ndipo nilipotanabahi kwamba cherehani haisikiki.

Nilipotoka tena, chai ilikuwa bado yatoa moshi. Ndege alikuwa begani mwake akimdonoadonoa kola ya shati, kama alivyofanya kila siku. Hilo ndilo nililoliona kwanza, na mpaka leo ndilo linalonijia kwanza. Mtu amekwisha kufa, na ndege bado yumo kazini mwake.

Huyo ndege alikuwa kasuku mdogo, wale wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, duara jeupe machoni. Mpishi mmoja wa hoteli ya Watamu, mteja wa mume wangu, alimleta baada ya mgeni aliyemfuga kurudi kwao. Mume wangu akamwita fundi mdogo, kwa sababu alikuwa akizikata karatasi za kaki, zile mume wangu alizopigia mfano wa nguo, vipande virefu vyembamba vilivyonyooka, na mume wangu akiwaonyesha wateja na kusema, tazameni, mwanafunzi amempita mwalimu. Miaka mitano alikaa kwetu. Mume wangu alimpenda naye alimpenda mume wangu. Mimi aliniuma. Kila nilipotia kidole kumwekea uwele aliniuma, na mume wangu akicheka na kusema, "Bwana huyu hataki mke mwenza."

Hatukujaliwa mtoto. Nalisema mara moja ili lisikae kama deni.

Nilipoingia edani, wifi yangu, dada yake marehemu, alihamia kwangu kunitazama. Mjane kwetu hukaa miezi minne na siku kumi. Hatoki nje, haonekani na wanaume wasio mahramu zake, hapaki wanja wala mafuta ya kunukia. Bibi mmoja wa mtaani, aliyezoea kuwakalisha wajane, alikuja kupanga nyumba. Vioo vyote vikageuzwa vikatazama ukuta. Hata kile kioo kidogo kilichoning'inia ndani ya tundu la ndege, ambacho fundi mdogo alikuwa akikibusu siku nzima, bibi alikitoa akakifunga kwenye kitambaa. Sikumkataza. Wakati ule ungeweza kuning'oa meno nisikukataze.

Gauni langu la eda, la bafta nyeupe, lilishonwa na wifi kwa cherehani ile ile. Wifi si fundi. Mkono wa kushoto ulitoka mpana sana kuliko wa kulia. Alipoliona likiwa mwilini mwangu alisema, "Angekuwepo angelifumua hili mbele ya watu." Tukatazamana, tukaanza kulia sote wawili.

Ndege alibadilika siku ya tatu. Kwanza alinyamaza. Yeye aliyekuwa akipiga kelele tangu alfajiri mpaka majirani wakalalamika, akakaa kwenye kijiti chake kama sanamu. Kisha akaanza kuuma kila mtu. Wanawake waliokuja kunipa mkono wa pole aliwauma masikioni. Wifi aliumwa mdomo. "Kaka yangu alikuwa akimlisha nini huyu," alisema, akijipangusa damu, "pilipili?" Shangazi mmoja alishauri tumfungulie mlango aende zake. Nilikataa, na sikukataa kwa upole. Nilisema ndege huyu hatoki kabla yangu, na hafi kabla yangu. Nilikuwa nimeweka nadhiri moyoni, nisimwambie mtu, kwamba siku nikitoka edani yeye awe hai. Sikuweza kuvumilia kitu cha pili cha mume wangu kifie mikononi mwangu na mimi niko jikoni.

Mwezi wa pili wa eda alinijia. Nilikuwa nimekaa mkekani ukumbini, mlango wa tundu u wazi. Akaruka, akatua gotini mwangu. Nikaganda, nikisubiri kuumwa. Hakuniuma. Alipanda mpaka kiganjani, akachungulia ule mkono mpana wa gauni, akaingia. Nilimsikia akipanda kwa makucha yake madogo hadi karibu na kwapa, akatulia humo. Alikuwa na joto. Tangu mume wangu azikwe hapakuwa na mwili wowote ulionigusa kwa kukaa. Watu walinishika mkono wakaniachia. Nilikaa saa nzima bila kuujongeza mkono ule, mpaka ukafa ganzi.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yake. Na baada ya juma moja akaanza jambo lililonitetemesha. Karatasi za mifano ya marehemu zilikuwa bado zimewekwa juu ya meza ya kukatia, iliyoingizwa ndani. Alikuwa akiruka pale, akikata kipande chembamba, akikibeba mdomoni, akija nacho mpaka kwangu, akikiingiza ndani ya mkono wa gauni. Kisha anarudi kuchukua kingine. Alivipanga kimoja kimoja, kwa haraka, kama mtu aliyetumwa.

Karatasi zile zilikuwa na mwandiko wa mume wangu. Aliandika vipimo kwa penseli. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini mwandiko wake niliujua. Kipande cha kwanza nilichokitoa kilikuwa na nusu ya tarakimu. Cha pili hakikuwa na kitu. Cha tatu kiliandikwa "mkono".

Najua fundi akiandika mkono ana maana gani. Ni mkono wa kanzu, urefu wake. Lakini mimi nilikuwa mjane mwenye umri wa miaka thelathini na tatu niliyekaa mkekani, watu wote wamekuja kunipa mkono isipokuwa yule mmoja. Niliona amenipa. Nilikifungia kile kipande kwenye pindo la leso, na nikaamini. Wifi alipoona vipande vingine alisema kwa sauti ya chini kwamba labda ndege yuapeleka salamu. Wanawake wawili watatu wakaja kutazama. Mmoja akasema ndege naye amekaa eda. Ndani yangu nilikuwa nimekubali zaidi ya wao.

Kulikuwa na mwanamke wa Kakuyuni aliyetuletea uwele na mchicha kila Alhamisi. Mwaka ule mvua ya masika ilikuwa haba na uwele ulikuwa wa kutafutwa, lakini kwa ajili ya ndege hakukosa kuniletea japo kibaba kimoja. Alikuwa mtu wa mashamba na wa kuku, maneno yake machache. Alhamisi moja, siku chache kabla ya Ramadhani, aliingia uani akamkuta ndege amekaa kwenye kiganja changu. Siku zile alikuwa na namna mpya. Alikuwa akijilaza chini, mabawa ameyaachia, mkia ameuinua juu, akitetemeka. Mara nyingine alinitapikia punje za uwele kwenye kiwiko cha mkono. Nilidhani ni majonzi yanamtoka.

Yule mwanamke alimtazama kwa muda, akacheka kidogo.

"Muche huyo," akasema. "Mutunze."

Akachukua kapu lake akaenda.

Mimi nimezaliwa mjini. Lugha ya watu wa mashamba nilijua salamu tu. Nilisikia "mche". Nilisikia mti mdogo unaotolewa mahali ulipoota ukapandwa pengine. Nikaona amesema neno kubwa la hekima. Ndege huyu ameng'olewa kwa mwenyewe, amehamishiwa kwangu, hajashika mizizi bado. Na mche hutunzwaje? Kila mtu ajua. Huwekewa kivuli na kumwagiwa maji asubuhi na jioni.

Nikalitoa tundu dirishani nikalitia pembeni mwa chumba, nyuma ya kabati. Nikalifunika kaniki. Asubuhi na jioni nilichovya vidole katika maji nikamnyunyizia. Uwele niliuroweka ukawa laini. Na saa zote nilizokaa mkekani nilimwacha ndani ya mkono wa gauni, gizani, kwenye joto, pamoja na karatasi zake. Wifi aliniuliza naficha nini kule nyuma. Nikamweleza habari ya mche. Akasema, "Basi mtie na samadi," akaenda kupika.

Ilikuwa Ramadhani, siku ya Jumanne, baada ya adhuhuri. Nilikuwa nimeegemea ukuta, nimefunga, koo limekauka. Ndege alikuwa mkononi mwa gauni tangu asubuhi, na alikuwa akihangaika. Halafu nikahisi kitu cha joto na majimaji kwenye ngozi. Nilidhani amejisaidia. Nikaingiza mkono wa kulia nikashika kitu kigumu, laini juu yake, kidogo kama ncha ya kidole gumba. Nikakitoa kwenye mwanga.

Wifi alikuwa akichambua mchele mbele yangu.

"Wifi, ni nini hicho?"

"Yai," nikasema.

Akanitazama usoni, akatazama gauni langu. "La nani?"

Ndege alitoa kichwa kwenye upindo wa mkono wa gauni, manyoya yamemvurugika, akanitazama kwa jicho moja.

Wifi alicheka mpaka ungo wa mchele ukamponyoka. Miaka mitano fundi mdogo, alisema, miaka mitano bwana, kumbe bwana ni bibi. Alisema kaka yake huko aliko ameaibika. Halafu aliona mimi sicheki, akaacha. Akasogea, akafunua mkono wa gauni akachungulia zile karatasi zilizopangwa duara, zimelainishwa, katikati pana shimo.

"Kumbe alikuwa akijenga kiota," akasema.

Nimejitahidi kuandika habari hii bila kujipamba, basi nitasema na hili. Sikumhurumia ndege. Nilihisi uso unaniwaka moto kama mtu aliyechekwa sokoni. Nilikuwa nimekaa miezi mitatu nikipokea salamu za mume wangu, nimemfanyia ndege adabu za mgeni, nimefungia kipande cha karatasi kwenye leso na nikakilalia, na kumbe sikuwa mjane anayefarijiwa. Nilikuwa tundu lenye joto. Nilimtoa kwa nguvu, nikamtia ndani ya tundu lake na yai lake, nikafunika kaniki, nikavitupa vile vipande vyote jaani isipokuwa kile kimoja. Jumatano yote sikumtazama. Wifi alimwekea maji. Sikuuliza amekunywa au hakunywa.

Alhamisi yule mwanamke wa Kakuyuni alikuja, akauliza ndege yuwapi, kwa kuwa hamsikii. Nikamwonyesha nyuma ya kabati. Akaivuta kaniki.

Ndege alikuwa chini, kwenye pembe ya tundu, amejivimbisha, macho amefumba. Mkia wake ulikuwa ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi. Yule mwanamke akamchukua mkononi, akampapasa tumbo kwa kidole kimoja.

"Kuna lingine, limekwama," akasema. "Mbona umemweka gizani? Nami nilikwambia muche."

"Ndiyo sababu nilimweka kivulini," nikasema. "Ulisema ni mche, nimtunze."

Akanigeukia. "Wewe ulisikia mche wa mti?"

"Nilisikia mche."

"Kwetu muche ni mwanamke, mama," alisema. "Nilikwambia ni jike, ataka kutaga. Umtunze kama kuku atakaye kutaga. Apate mwanga, apate na maganda ya mayai ya kula. Jike ukimtia gizani penye joto, hutaga hata kama hana nguvu ya kutaga."

Aliposema maganda ya mayai nikakumbuka mfupa. Kila Ijumaa baada ya sala mume wangu alikuwa akipita ufukweni akimwokotea mfupa mweupe wa ngisi, ule unaoelea ukaletwa na maji, akamfungia kwenye tundu autafune. Siku zote nilidhani ni mchezo wao wawili. Tangu mwezi wa tatu hakuna aliyekwenda ufukweni. Miezi mitatu ndege hakupata mfupa, na mimi nikamnyunyizia maji kama mbilingani.

Yule mwanamke hakunilaumu tena. Aliagiza maji ya moto kwenye sufuria, na mafuta ya nazi. Wifi akakimbilia jikoni. Yule mwanamke alisema anataka kitambaa laini cha kumzungushia, kisicho na rangi. Nilitazama huku na huku. Kisha nikaenda kwenye meza ya kukatia, nikachukua mkasi wa marehemu, ambao haukuguswa tangu siku ile, nikaukata mkono wa kushoto wa gauni langu, kuanzia begani. Wifi alisimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Gauni la eda, wifi," akasema.

"Lilitoka pana," nikamjibu.

Tukamviringisha ndege ndani yake, kichwa nje, tukamweka juu ya kifuniko cha sufuria ili joto limpate bila kumwunguza. Yule mwanamke alimpaka mafuta kwa ncha ya unyoya, akawa anasubiri, anampapasa, anasubiri tena. Mimi nilishika sufuria. Maji yakipoa wifi anabadilisha. Adhana ya alasiri ilipigwa, tukasali kwa zamu. Mchicha wote wa kuuza wa yule mwanamke ulinyauka kapuni pale uani, na aliponiona nautazama alisema mchicha huota tena. Mara mbili nilidhani ndege amekufa. Mara ya pili nilisema kwa sauti kwamba nimemuua. Yule mwanamke alisema bila kuinua macho, "Bado."

Yai lilitoka karibu na magharibi. Halikuwa na gamba gumu. Lilikuwa laini kama ngozi, likapasuka mikononi mwake. Ndege alilala ubavu ndani ya kile kitambaa. Kisha akafumbua jicho.

Yule mwanamke hakufunga kama sisi, lakini siku ile hakuwa amekula kitu tangu asubuhi. Alifuturu nasi, akalala kwetu.

Ndege alipona polepole. Wifi alirudisha tundu dirishani na kioo chake, nyumba ya eda au si nyumba ya eda, na kila Ijumaa alikwenda yeye ufukweni kuokota mifupa. Mkono wa gauni uliachwa ndani ya tundu. Ndege aliliviringisha lile yai la kwanza mpaka ndani yake, akalikalia. Halikuwa na kitu ndani, sote tulijua, hana dume. Idi ikapita amelikalia.

Siku ya kutoka eda, mwezi wa saba, yule bibi wa mtaani alikuja kuniogesha. Nguo za eda hazibaki nyumbani. Mwenye kukalisha huzichukua akaenda nazo. Alilikunja gauni, akalikunjua, akahesabu.

"Mkono wa pili uko wapi?"

Nikamwonyesha tundu. Akaenda akatazama. Alisema hakuna eda inayotoka nusu. Kitambaa kile kitolewe kiende na mwenziwe. Mimi nilikuwa nimesimama na leso mpya, maji yananichuruzika, na kwa mila bibi alikuwa na haki. Wifi ndiye aliyesema. Alisimama kati ya bibi na dirisha.

"Muache, bibi," akasema. "Shikamoo yako, lakini muache. Huyu alianza eda yake nyuma yetu. Siku zake hazijatimia."

Yule bibi alimtazama wifi kuona kama anafanyiwa mzaha. Nadhani mpaka leo hajui. Alichukua gauni la mkono mmoja akaondoka.

Baada ya siku nne ndege aliliacha yai mwenyewe. Asubuhi nilimkuta juu ya kijiti, mbele ya kioo chake, anapiga kelele za zamani zilizowaudhi majirani. Nikafungua mlango wa tundu nitoe kile kitambaa na lile yai. Nikatia kidole.

Akaniuma mpaka damu ikatoka.